Nguzo ya Nyumba na Bibi wa Zamani

Sauti ya aliyekuwa mumewe ilitoka kwenye simu iliyoegemezwa kwenye boksi la nyuzi, nzito, ya mtu anayejiamini, na mshona mapazia aliisikiliza huku anapinda ukingo wa pazia la mteja. Mtandaoni bwana huyo alijiita Nguzo ya Nyumba, na maelfu ya watu walimfuata. Siku hiyo alikuwa amewaka kuhusu mpango wa serikali wa kufungua vituo vya kulelea watoto makazini. "Serikali ikishika malezi, baba atabaki pambo," alisema. "Mtoto analelewa na baba yake, kwenye nyumba ya baba yake."

Kilichomchoma mama wa watu ni kwamba alikubaliana naye neno kwa neno. Yeye mwenyewe alikuwa mtu wa mambo ya zamani: ndoa ni ndoa, mkubwa ni mkubwa, na serikali isiingize pua kwenye nyumba za watu. Lakini kuyasikia hayo kutoka kwa mwanamume aliyeondoka na sanduku, akiaga eti anakwenda kumwona rafiki, akaacha mtoto asiyejua hata kufunga kamba za viatu! Ana macho makavu yule. Tangu hapo hakupiga hodi, hakuuliza mtoto anakula nini, wala hakujua walihamia wapi.

Na mtoto mwenyewe, ambaye sasa yuko sekondari na amemzidi mama yake kimo, aliisikiliza sauti hiyohiyo chumba cha pili, nyuma ya pazia, akidhani mama hajui. Hilo ndilo lililomkata maini mama. Akaapa moyoni: huyu nitamvua nguo mbele ya haohao wanaompigia makofi, na mwanangu amwone alivyo.

Akafungua ukurasa, akaweka picha ya birika, akajiita Bibi wa Zamani. Kazi yake ikawa kumvisha Nguzo kilemba cha ukoka. "Mwanangu, umenena." "Mwanangu, usichoke kutuamsha." Walipokuja wanaotaka vituo, wakiuliza mama anayefanya kazi amwache wapi mtoto, Bibi aliwajibu kwa upole na kwa hoja mpaka wengine wakanyamaza, maana alikuwa na hoja kumzidi Nguzo mwenyewe. Wafuasi wakampenda. Nguzo akaanza kumwita mama yangu wa mtandaoni. Mshona mapazia aliposoma hayo alicheka peke yake hadi sindano ikamchoma kidole.

Kamba ilipokuwa tayari, akaitega. "Mwanangu," aliandika, "na baba aliyeitelekeza nyumba yake tumfanyeje?"

Nguzo hakujiuliza mara mbili. "Huyo asiongee mbele za watu," alijibu. "Hana haki ya kumfundisha yeyote. Mkimjua, mwambieni anyamaze."

Makofi yakamiminika. Bibi aliacha yamiminike vizuri, watu waisambaze ile kauli kila kona, ndipo akaandika: "Basi tuambie, mwanangu. Binti yako yuko wapi? Mara ya mwisho ulimtia machoni lini?"

Weee, moto ukawaka. Waliomshangilia jana ndio waliotangulia. Jibu, Nguzo. Mbona kimya, Nguzo. Mshona mapazia aliacha cherehani, akakaa mikono mapajani, anasoma, roho inamburudika kama mtu aliyevua kiatu kinachobana.

Kisha likatokea jibu lenye picha aliyoijua, maana aliipiga yeye, siku ya sare mpya. "Mimi ndiye binti yake. Baba huja kunichukua kila Jumamosi. Mwacheni baba yangu."

Nyuma ya pazia mtu alivuta kamasi.

Na Nguzo, kwa ule ukavu wake, akadaka hapohapo: "Asante, binti yangu. Kila Jumamosi, sijawahi kukosa."

Hasira zilimpanda mshona mapazia hadi macho yakaingia ukungu. Ukweli alikuwa nao kwenye ncha ya kidole. Lakini kuusema ni kumwita mwanawe mwongo mbele ya dunia nzima. Aliandika, akafuta. Aliandika, akafuta. Mwishowe akapata, na alipopata akatabasamu vibaya.

"Umenifurahisha, mwanangu," akaandika Bibi wa Zamani. "Basi Jumamosi hii tupigie picha ukiwa naye nyumbani kwao, hawa wabishi wazibwe midomo." Wafuasi wakaitika kwa maelfu. Njia ya kutorokea haikuwepo.

Jumamosi alikuja. Mtaa alielekezwa na binti kwa ujumbe, lakini nyumba ilibidi aulize kwa majirani. Shati limepigwa pasi, simu mkononi, boksi la zawadi kwapani.

"Habari za hapa," alisema, anatazama sakafu.

"Njema. Karibu, mwanangu."

Akainua uso. Mshona mapazia aliona uso unampauka, na akaona raha.

"Kumbe Bibi ni wewe."

"Ingia. Mtoto anakungoja tangu asubuhi."

Binti alikuwa amevaa gauni lake la kutokea. Alilifungua boksi kwa mikono miwili. Ndani mlikuwa na viatu vyeupe vyenye maua, viatu vya mtoto mdogo, kadiri ya yule aliyemwacha. Aliketi, akasukuma mguu, akasukuma tena. Kisigino chote kikabaki nje.

"Vinanitosha, baba," alisema.

Nguzo alikitazama kile kisigino, akaishusha simu. Mshona mapazia alikuwa ameingoja saa hii miaka mingi, na siku zote alidhani atacheka. Hakucheka. Alivua futi ya kupimia shingoni, akamtupia kifuani.

"Mpime mwanao mguu," alisema. "Na picha wanayoingoja watu wako, utaipiga leo. Anzia chini."

Nguzo ya Nyumba akapiga magoti, akainyoosha futi kando ya kile kisigino.