Vichwa Viwili Sokoni Makambako

Basi ninyi wa nyumbani mliosema bibi arusi halii, leo nimelia sokoni Makambako, mchana kweupe.

Ni Twilumba, binti wa wifi yangu tunayeishi naye Njombe. Ana miaka minne. Nywele zinamtoka zenyewe, na daktari wa misheni hajui sababu.

Jana tukamnyoa zilizobaki. Akajificha chini ya kitanda.

Mume wangu (jamani, mume wangu!), karani wa boma, na nywele zake za kukata njia nilizozipenda siku ya arusi, akachukua wembe akanyoa zote.

Mtoto akatoka, akacheka.

Leo tumefika sokoni, wao wawili wameshikana mikono. Muuza viazi akawatazama vichwa.

"Kamwene, baba. Poleni na msiba. Nani amefariki?"

Kwetu hunyoa wafiwa, nasi tulisahau kabisa!

Twilumba akatuwahi: "Nywele zangu, bibi."

Yule mama hakucheka. Akafungua kilemba chake, akamfunga mtoto kichwani.

"Pole, mwanangu."

Mume wangu akageukia magunia. Akajifuta macho, nami ndipo nikalia.

Ninyi mngesema nini?

Kabla mwezi haujaisha tutakuja Lupembe, sote watatu. Tafadhali, msimpe pole. Kisifieni kilemba chake.