Nilivyoifunga jibini ya mama mkwe kwa ngozi ya umuravumba

Wakuu, salamu kutoka Gisenyi, mtaa wa Nengo. Haya niliyaona mwenyewe, sijatia chumvi.

Mimi nafundisha usindikaji wa vyakula. Mama mkwe wangu, mjane aliyerudi kutoka Masisi kule Kongo, anatengeneza jibini na kuivusha mpaka wa Grande Barrière kwenda kuuza Goma. Tangu baba mkwe afariki, kazi hiyo ndiyo inayomtoa kitandani.

Shida ikaanza magotini. Hawezi tena kuvuka kila siku, na jibini ikikaa inaota ukungu. Akaanza kusema ataacha. Mke wangu akanivuta pembeni akaniambia mama akiacha, atakaa ndani na kunyauka.

Nikaingia lab.

Kuna film zinazolika, wakuu, yaani utando mwembamba wa kufungia chakula. Unapika wanga wa muhogo, unatia glycerine kidogo na maji ya mmea unaozuia bakteria. Unamwaga kwenye trei, ikikauka unabandua ngozi nyembamba. Unafungia chakula na unakila na ngozi yake.

Mmea nikachagua umuravumba. Waliokulia Rwanda najua mmeshakunja uso. Ndiyo, ile dawa chungu mliyonyweshwa mkiwa mmebanwa pua.

Ikafanya kazi! Jibini aliyoifunga mama kwa majani ya mgomba kama kawaida yake iliota ukungu, yangu bado safi. Tukaipima, nikaila mwenyewe, nikajiona profesa.

Jumamosi nikamsindikiza Goma, ndoo nimebeba mimi. Huko ndiko nilikoona ujinga wangu.

Huku kwetu watu wanaogopa sumu kuliko njaa. Hata anayekukaribisha kinywaji anaonja yeye kwanza. Sasa mimi nimeleta jibini ya kijani inayonuka dawa! Wateja wake wa miaka yote wakarudi nyuma. Mmoja akamwambia kwa upole, "Mama, we onja kwanza."

Nilitaka abandue ngozi, maana sikuwahi kumwonjesha. Hakunipa nafasi. Akakata kipande kikubwa, akakitafuna chote polepole, uso umetulia kabisa. Mimi niliyeujua uchungu ule nusura nilie sokoni.

Akafuta mdomo kwa kitenge. "Ni mukwe yangu alitengeneza. Kama iko sumu, ianze na mi."

Walinunua, wakuu. Ngozi wengi waliibandua, lakini walinunua.

Njiani nikamwomba radhi. Akacheka, akasema nipunguze tu majani. Nimepunguza, na sasa anavuka mara chache kwa wiki.

Nilichojifunza: nilipima bakteria, nikasahau kupima woga wa watu. Na nilidhani mimi ndiye ninayemsaidia, kumbe ni yeye aliyenibeba mbele za watu.

Juzi mke wangu alimuuliza kama bado anawaza kuacha. Akamshangaa. "Niache? Na nani ataonja?"

Mwenye kujua mmea usio mchungu kiasi hiki aushushe hapa, nasoma kila comment.