Bima ya Maisha, Mbele ya Mtani

Kwetu Ikwiriri mtoto wa mjomba ni mtani wako tangu unazaliwa, na mtani hana adabu. Mimi na wangu tumekua pamoja, tunalima ufuta mashamba jirani, na kikundi chetu chote cha kina mama kinajua kwamba tukikutana hatuachi kuzikana kwa maneno.

Titi langu la kushoto lilikatwa Dar es Salaam. Nyumbani niliaga kwamba nakwenda kumwona mwanangu anayesoma huko. Niliporudi nikajaza kitambaa kwenye sidiria na kurudi shamba. Niliona aibu, kana kwamba nimekamatwa na mali ya mtu.

Kisha akaja wakala wa bima, kijana wa bara, shati limechomekewa vizuri. Alitaka kukiandikisha kikundi kizima, bima ya matibabu na bima ya maisha. Mimi niliitaka hasa ile ya maisha, maana wanangu hawana baba, na nikiondoka hakuna wa kuwasomesha. Akasema mwenye ugonjwa mkubwa aseme, kwani ukificha, wanao hawatalipwa. Nilidhani atatuita pembeni mmoja mmoja. Wapi! Alitaka tuseme palepale, mbele ya wote.

Nikasimama. "Mimi nina kansa ya titi."

"Mwongo huyo!" mtani wangu akadakia. "Usimwandike, baba! Kanga ya kumfunikia tushaichagua, tunangoja pilau tu!"

Wakaangua kicheko. Wakala naye akacheka, akageukia mwingine. Nami, Mungu anisamehe, nilicheka pamoja nao. Ningekaa, mambo yangeishia hapo. Lakini nikawafikiria wanangu.

"Si utani, baba," nikasema. "Limeshakatwa."

Mkono wangu ukaenda wenyewe kifuani, mbele ya mwanamume mgeni, na macho yote yakaufuata. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Haikupasuka. Wakala akashusha sauti, akanieleza kwamba kwenye matibabu nitaingia na wenzangu; ya maisha, kwa ugonjwa ambao umeshajulikana, haiwezekani. Nilikuwa nimejivua nguo bure.

Jioni mtani wangu alikuja na bakuli la samaki wa nazi. Alipiga hodi, yeye ambaye siku zote huingia hadi jikoni na kufunua sufuria zangu. Akakaa ukingoni mwa mkeka.

"Hujambo, dada? Unaendeleaje?"

Dada! Hajawahi kuniita hivyo. Nikamchokoza: "Umekuja kunipima sanda, au samaki wamekushinda kula?"

Nikangoja anirudishie. Alikuwa akiangalia mikono yake.

"Mungu atakujaalia, dada," akasema polepole. "Kula wakiwa bado moto."

Nikamega samaki huku nimeinamisha uso. Aibu ya mkutanoni ilikuwa ndogo kuliko hii. Mtani wangu alikuwa ameshanizika.