Salamu za Dada Bahargul Mbele ya Kamati

Dada Bahargul hawezi kukuomba hata chumvi kabla hajajua mama yako ameamkaje, mtoto amelala vipi, na goti la mumeo limepoa au bado. Hapa Munich tunaishi jengo moja, yeye chini, mimi juu. Kuna siku chumvi yenyewe aliikumbuka akiwa ameshashuka ngazi zote.

Mchana anafua mashuka ya hospitali. Jioni anavuta tambi, unga uliokandwa unamrefukia mikononi huku mdomo nao ukifanya kazi yake. Kwao ni Ghulja, mji wa Wauyghur kule China. Simu ya mama yake haijapokelewa miaka sasa, na jambo hilo halizungumzii. Ila kila Jumamosi anawakusanya watoto wetu wa Kiuyghur katika chumba cha jumuiya cha mtaa, anawafundisha kusoma na kuandika lugha yetu.

Majira haya ya baridi tukaambiwa chumba tutanyang'anywa. Kuna mtu alilalamika kwamba tunafundisha siasa. Siasa yenyewe ilikuwa wimbo wa watoto kuhusu matikiti, uliosikika mpaka nje. Kamati ya mtaa ikakubali kumsikiliza mmoja wetu kwa dakika tatu, na akina mama tukamchagua Bahargul.

"Dada, nakuomba, usianze na salamu," nikamwambia njiani, mwanangu mgongoni. "Sema chumba, sema watoto, ukae."

"Yaani niingie kwa watu kama mwizi?"

"Wale ndivyo walivyo."

"Basi hawakufundishwa."

Mwenyekiti, Bi Sandner, akabonyeza saa. Bahargul akasimama, akaweka mkono kifuani, akainama kidogo.

"Hamjambo nyote? Mmeshindaje? Majumbani kwenu wazima? Wazee wenu je, baridi hii haiwasumbui? Na wewe kaka unayekohoa, umepata dawa? Mama mwenyekiti, macho yako yamechoka, unalala kweli?"

Nikamvuta sketi. Akadhani ni mtoto. Akaendelea mpaka kwa yule wa mwisho kabisa dirishani, maana kumruka mmoja ni kumtukana. Kengele ikalia.

"Muda umekwisha," akasema Bi Sandner.

"Lakini sijaanza."

"Umeanza, mama. Na umemaliza."

Watu wakacheka. Bahargul akakaa, masikio yamemwiva.

"Nimewapotezea watoto darasa," akaninong'oneza. Nikampakata mwanangu.

Ndipo mzee mmoja wa kamati, Bwana Lechner, akainua kidole.

"Mwenyekiti, mjumbe akimuuliza mtu swali, jibu lake halipimwi kwa saa. Au nimekosea?"

"Hujakosea."

Akamgeukia Bahargul. "Umeuliza habari za wazee wetu. Mama yangu yuko kwenye nyumba ya wazee. Siku nyingine ananijua, siku nyingine hanijui. Asante kwa kuuliza, humu ndani hakuna aliyewahi. Sasa si vizuri nisikurudishie. Mama yako hajambo?"

Bahargul akasimama taratibu.

"Sijui," akasema. "Simu haipokelewi. Lakini siku ikipokelewa, binti yangu ataongea naye nini? Kijerumani mama yangu hajui hata neno moja. Na watoto wote mliowasikia wakiimba wana bibi wa namna hiyo. Ndiyo sababu nakitaka kile chumba. Sina siasa nyingine."

Hapo hakuna aliyetazama saa. Yule wa kikohozi mwenyewe alijizuia.

Mikono ikainuliwa, mingi. Chumba ni chetu mpaka shule zifungwe, kisha watatazama tena. Ila kuna sharti, akasema Bi Sandner: Jumamosi moja Bwana Lechner atakuja kukaa nyuma asikilize masomo.

Akauliza kama tuna swali.

"Ninalo," akasema Bahargul. "Huyu bwana anakula nyama ya kondoo?"