Kitufe cha KUKAA

Nilikuwa na kiburi, nakiri. Kile kidude cha wauguzi nilikiunda mwenyewe kibandani kwangu Kayole, kikatosha kiganjani, kina vitufe vinne: DAWA, KIDONDA, KUZALISHA, KUKAA. Muuguzi akianza kazi anabonyeza, na msimamizi wa hospitali anaona kwenye kompyuta nani anafanya nini. Kitufe cha nne nilikiwekea wale wanaokaa tu, wakipiga soga.

Baada ya wiki chache msimamizi akanipigia simu akicheka. "Fundi, kidude chako kimenasa mvivu!" Ni sista mmoja wa wodi ya wazazi, mama mtu mzima. Karibu nusu ya zamu zake zilisomeka KUKAA. Barua ya kumfuta kazi ilikuwa tayari, angepewa kesho yake.

Nami nilifurahi, aibu yangu! Nikaenda kuhakikisha kidude hakina hitilafu, nisije nikalaumiwa. Nilimkuta sista kando ya kitanda cha mama aliyefiwa na mtoto asubuhi hiyo. Alikuwa amemshika mkono tu, muda mrefu, na kidude kiko kwenye mapaja yake.

Alipotoka nikamvaa. "Sista, mbona unabonyeza KUKAA kila saa?"

Akanishangaa. "Si nilikuwa nimekaa na mgonjwa? Yule hana kidonda cha kufunga, mwanangu. Ulitaka nibonyeze nini?"

Lo! Uso uliniwaka. Wenzake walikuwa wameelewa kile kitufe ni mtego, hawakigusi hata wakikaa kutwa nzima. Yeye alikibonyeza bila kuficha kitu, kwa sababu kwake kukaa ni kazi. Nilimvulia kofia mama yule palepale.

Nikapanda ngazi mbio hadi kwa msimamizi. "Hiyo barua chana," nikamwambia. "Mvivu ni mimi, niliyechora vitufe bila kukanyaga wodi hata siku moja." Tulibishana hadi machozi ya hasira yakanilenga. Mwishowe akaichana.

Nikaviunda vidude vyote upya, vitufe vitano sasa: KUKAA NA MGONJWA kimoja, PUMZIKO kingine. Juzi sista alikuja kibandani nimbadilishie betri. Herufi za KUKAA NA MGONJWA zimelika, hazisomeki tena. PUMZIKO bado kinang'aa kama siku nilipokibandika.

Akakigusa kwa kidole. "Fundi, na hiki ni cha nini?"