Uuguzi kwa Hesabu za Baba Mdogo
Mwaka niliomaliza kidato cha nne, baba mdogo aliitisha kikao nyumbani kwetu Maguu kunijadili, kama watu wanavyojadili ng'ombe wa kuuza. Baba yangu alikwisha kufariki, kwa hiyo shamba la kahawa lilikuwa la mama kwa jasho na la baba mdogo kwa kauli. Aliwahi kuwa karani wa chama cha ushirika kwa misimu miwili, na tangu hapo hakuna aliyethubutu kujumlisha chochote mbele yake.

Alikuja na mgeni, wakala wa chuo binafsi cha afya, mtu wa makamo aliyevaa suti juani na kukumbatia vipeperushi. Alikula magimbi yote bila kumtazama aliyeyachemsha. Kisha akaeleza kwamba kozi ya cheti cha uuguzi ni miaka miwili, ada inalipwa kwa awamu, na mhitimu akishaajiriwa na serikali gharama yote inarudi upesi.

Baba mdogo akaitungua kalenda ya parokia ukutani, akaigeuza, akaanza kuandika. Huku ada, huku mshahara. Mshahara akauzidisha kwa miezi, miezi kwa miaka yote hadi nitakapostaafu. Tarakimu iliyotoka ilikuwa ndefu kiasi kwamba alishindwa kuisoma, akaipigia mistari miwili chini. Akanilinganisha na pikipiki ya bodaboda. Pikipiki huchakaa, alisema, ila mimi nisingechakaa.

Mama, aliyekaa mkekani karibu na mlango, aliuliza swali moja tu.

"Na asipoajiriwa?"

"Mama," wakala akacheka, "kwani wagonjwa wataisha?"

Baba mdogo naye akacheka, kwa kuchelewa kidogo, kama mtu anayesubiri kujua kichekesho ni kipi. Niliwadharau wote wawili palepale, na dharau ile haijapungua hata leo. Wagonjwa hawaishi, ni kweli. Lakini mgonjwa haajiri mtu. Mama, ambaye hakumaliza shule ya msingi, aliliona hilo, na yule wa suti hakuliona, au aliliona akalimeza pamoja na magimbi.

Hakuna aliyeniuliza kama naogopa damu. Nilikuwa naiogopa.

Ili nianze, mama aliuza kahawa ikiwa bado mtini, kwa ule mtindo tunaouita magoma, na bei aliyopewa hata mlanguzi mwenyewe aliitaja kwa sauti ya chini. Huko chuoni kila muhula kilizuka kitu ambacho baba mdogo hakukiandika: sare, viatu, kipimo cha presha, malipo ya mafunzo kwa vitendo, mtihani, leseni. Kwa somo la ukunga tulikuwa na mwanasesere mmoja wa plastiki, hana mkono, tunampangia foleni. Mwalimu wetu wa ukunga peke yake ndiye ninayemkumbuka kwa heshima. Alikuwa akituambia tusimwamini mwanasesere, kwa sababu havuji damu.

Nilihitimu. Niliomba ajira serikalini mara tatu, sikuitwa. Nikaenda kujitolea katika zahanati moja ya ufukweni mwa ziwa, upande wa Lituhi, ambako kijiji kilinipa chumba, posho ya sabuni, na usipa, wale dagaa wa ziwani, kila wavuvi walipopata. Baba mdogo alinitumia ujumbe kuulizia mshahara wangu wa kwanza. Nikamjibu kwamba nalipwa usipa. Akajibu nimtumie hao usipa, basi.

Katika mwaka wangu wa pili pale, wakala alinipigia simu. Alikuwa na mkutano na wazazi katika ukumbi wa kanisa huko Matiri, akataka nije niseme maneno mawili. Nauli atanipa, na chakula kipo. Nisijifanye shujaa: nilikwenda kwa ajili ya nauli, nipate kupitia nyumbani kumwona mama.

Alinitambulisha kuwa muuguzi wa serikali. Nilisimama nikawaamkia wazee, kisha nikasema, "Mimi sijaajiriwa. Najitolea, huu ni mwaka wa pili. Nalipwa sabuni na samaki."

Wakala hakutikisika hata kidogo. Akaniwekea mkono begani akawaambia wazazi kwamba huo ndio wito, na kwamba chuo chake hutoa watu wenye moyo. Wakapiga makofi. Wakulima walewale wanaobishana na karani wa mizani hadi jioni kwa kilo moja ya kahawa, walipanga mstari kuchukua fomu. Mzee mmoja alinipongeza kwa unyenyekevu wangu. Nilitamani kumtukana.

Nje, mama mmoja alinifuata na binti yake. Hakuuliza mshahara.

"Kazi yenyewe ikoje, mwanangu?"

Sikuwa nimejiandaa kwa swali hilo, maana ilikuwa mara ya kwanza kuulizwa. Nikamsimulia asubuhi moja ambapo mzazi alianza kuvuja damu baada ya mtoto kutoka, mganga mfawidhi yuko wilayani, mimi niko peke yangu. Nilimchoma sindano, nikamsugua tumbo bila kuacha mpaka nikausikia mfuko wa uzazi ukikaza chini ya kiganja changu kama ngumi. Alipona. Nilitoka nje nikatapika nyuma ya tangi la maji. Nikamwambia pia kwamba vipo vyuo vya serikali vyenye ada nafuu, binti asikimbilie fomu ya kwanza. Alisikiliza, akaikunja ile fomu bila kuijaza. Mimi nikarudi ndani nikala pilau ya wakala, nikaongeza.

Sasa nina mkataba wa halmashauri. Ni wa muda, na malipo yake ni nusu ya yale aliyoyaandika baba mdogo nyuma ya kalenda, lakini yanaingia. Kabla sijaupata, binti yule alikuja zahanati siku ya kliniki, amesafiri peke yake kutoka mlimani, akaomba kukaa aone. Nilimwambia anawe mikono. Alishika mizani watoto walipopimwa, akamshikilia mguu mvuvi aliyekatwa na ndoana iliyokuwa na kutu, na rangi ikamtoka usoni lakini mguu hakuuachia. Mchana tulikula ugali. Aliniambia bado hajaamua, anakwenda kufikiri, kisha akapanda bodaboda akaenda zake.