Sarafu za Akko Dokata

Mume wangu Jattani ana kichwa kigumu, na kama haya ninayosema hayampendezi, aje ayasimulie mwenyewe. Mimi Sadiya nauza maziwa ya ngamia sokoni Isiolo, na sijui kumung'unya maneno.

Jattani alizaliwa upande wa Garbatulla. Alichunga ng'ombe wa baba yake mpaka ukame ukawamaliza, akaja mjini kubeba magunia na kupakia mbuzi kwenye malori. Mgongo ukamwisha kabla hajafika miaka arobaini. Lakini mtu huyo alitembea kifua mbele kama mwenye ngamia mia, na yote ni kwa sababu ya nyanya yake, mama wa mama yake, Akko Dokata.

Kila harusi ya ukoo ilisimuliwa hadithi ya Dokata. Wakati wa vita vya zamani, watu wenye bunduki waliingia kwenye boma lao wakitaka sarafu zake za fedha, zile kubwa za Uhabeshi ambazo wanawake walizitoboa na kuzivaa shingoni. Walimpiga kwa kitako cha bunduki mpaka meno yakamwagika, wakimuuliza ziko wapi. Hakusema. Wakamuua mlangoni pa nyumba yake. Watu wakisikia hivyo walimwombea rehema na kumsifu, na Jattani akawa anafuta machozi. Binti yake Dokata, mama mkwe wangu Racho, aliyaona yote akiwa mtoto, lakini yeye hakuwahi kuisimulia.

Sasa, Ibrae aliyechunga pamoja na Jattani utotoni alirudi kutoka machimbo ya dhahabu na mashine ya kutafuta madini, fimbo ndefu yenye sahani chini, inayolia ikipita juu ya chuma. Wakakubaliana: wakizipata sarafu za Dokata, wauze, wagawane nusu kwa nusu. Miezi minne walizunguka kwenye hame la boma la Dokata. Walipata kengele ya ng'ombe, misumari, na maganda ya risasi, maganda mengi.

Nikawauliza wanatafuta upande gani. Zizini, wakasema, na pale wazee walipokuwa wakikaa. Wallahi nilicheka mpaka mbavu zikauma. Hawa wanaume! Kwao mali ni zizi tu. Mwanamke wa Kiborana afiche kitu chake pale, mbele ya macho ya kila mchungaji? Cha mwanamke kiko ndani kabisa, nyuma ya jiko, anapoweka vyombo vyake vya maziwa. Huko mwanaume hatii mkono wake. Na mama Racho yupo hai, anakunywa chai nao kila siku, na hakuna aliyewahi kumuuliza.

Tukaenda naye asubuhi. Hakutaka, ila Jattani alimsumbua sana. Mafiga matatu ya jiko la Dokata yalikuwa bado yamezama ardhini. Mama akahesabu hatua nne nyuma yake, akaonyesha kwa kidole, kisha akakaa chini mbali kidogo na kutugeuzia mgongo. Mashine ikalia. Jattani alichimba kwa jembe, halafu kwa kucha. Mfuko wa ngozi ulikuwa umeoza, lakini sarafu zilikuwepo zote, nyeusi, kila moja na tundu lake.

Jattani akalia kama mtoto. Akazimimina mapajani mwa mama yake, akageuka na kumwambia Ibrae haziuzwi. Hizi ni damu, akasema, haziendi sokoni.

Nitasema ukweli hata kama ni mume wangu: alivunja ahadi. Ibrae alimkumbusha taratibu kwanza. Jattani akamsukuma. Ibrae akamtukania ukoo, na Jattani akampiga ngumi ya mdomo, damu ikaruka mpaka kwenye kanzu yangu. Ibrae akaokota jembe. Pigo la kwanza lilipita hewani. La pili lilishuka kwenye mkono wa Jattani, nikasikia mfupa ukikatika. Nikammwagia Ibrae usoni chai ya moto ya chupa nzima tuliyokuja nayo. Alipiga kelele, akanipiga teke la tumbo, nikala vumbi. Nilipoinua kichwa, Jattani alikuwa chini, goti la Ibrae kifuani mwake, na panga alilolichomoa kiunoni likiwa shingoni mwake. Uso wa Ibrae ulikuwa umeanza kuvimba malengelenge. Sikuwahi kuogopa mtu hivyo maishani.

Sarafu hazikuonekana tena mapajani mwa mama. Alikuwa amezifunika kwa shuka.

"Mama," Ibrae akasema, "ziko wapi?"

Jattani akapaza sauti kutoka chini ya lile goti. "Usimwambie! Hata akinichinja, mama, usimwambie!"

Na mjinga yule, naapa, macho yake yaling'aa. Alijiona tayari anasimuliwa harusini.

Mama Racho akasimama. Akaikung'uta ile shuka na sarafu zote zikamwagika miguuni pa Ibrae. Ibrae akazikusanya, akapanda pikipiki yake na kuondoka. Hata mashine aliisahau.

Mama alichana shuka akaanza kumfunga Jattani mkono. Mtoto wake, badala ya kushukuru, akamwambia ameaibisha jina la Akko Dokata, kwamba mama yake mzazi alikufa bila kusema na yeye ameshindwa hata dakika moja. Nilitaka kumzaba kofi, mkono uvunjike usivunjike.

"Mimi nilikuwa na miaka saba," mama akasema, akiendelea kufunga. "Mmoja wao alinishika nywele, akaniwekea kisu hapa. Nilimlilia mama aseme. Alinitazama, akanyamaza."

Akakaza kitambaa kwa meno. Jattani alilala tu pale, mkono wake mzima umeshika mguu wa mama yake.